Mahadhi ya Sinagogi na Opera Yasihukumiwe kwa Nota Mbili Tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie mjadala ambao umeendelea kwa wiki kadhaa kuhusu muziki wa ibada ya Kiyahudi na muziki wa opera ya Ulaya, yaani tamthilia inayoimbwa. Mjadala ulianzia kwenye makala iliyodai kwamba opera nyingi kubwa zilichota mahadhi yake kutoka sinagogi, na kwamba sala ya Pasaka inayosikika katika opera ya Kifaransa iitwayo La Juive ni sala halisi iliyohamishiwa jukwaani. Msomaji mmoja akajibu kwa ukali kwamba ukweli ni kinyume chake, kwamba Wayahudi ndio walioziiga nyimbo za jumba la maonyesho na kuzivika maneno ya Zaburi. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na muziki wa pande zote mbili nimeusikiliza kwa miaka mingi na kwa mapenzi makubwa. Naona kwamba wote wawili wamesikia jambo la kweli, lakini wamelitolea hukumu kabla ya kuuliza swali ambalo mtu anayeifahamu ibada hiyo angelianza nalo: wimbo unaosema unafanana na opera unaimbwa mahali gani katika sala?

Swali hilo lina uzito kwa sababu katika masinagogi ya Wayahudi wa Ulaya ya Kati na ya Mashariki, wale wanaoitwa Waashkenazi, sala haiimbwi kwa mahadhi yoyote yatakayompendeza kiongozi. Kiongozi huyo, anayeitwa hazani, amefungwa na desturi iitwayo nusahi, ambayo imeipangia kila sala mkondo wake wa sauti kulingana na saa na siku. Jioni ya Ijumaa ina mkondo wake, asubuhi ya Sabato ina wake, na Siku ya Upatanisho ina wake, kiasi kwamba aliyelelewa katika desturi hiyo akipita nje ya sinagogi na kusikia sauti pasipo kuyashika maneno atajua ndani wanasali sala gani. Juu ya hayo kuna nyimbo chache nzito, zikiwamo mahadhi ya Kol Nidre, sala ya usiku wa Siku ya Upatanisho, ambazo jadi huzihesabu kama zilizotoka mlima Sinai, ingawa wataalamu wanazirudisha kwenye miji ya bonde la mto Rhine, kama vile Worms na Mainz, katika Zama za Kati. Rabi Jacob Moelin, aliyefariki Worms mwaka 1427, alifundisha kwamba mtu asibadilishe desturi ya mahali hata katika mahadhi ya sala. Huo ndio upande uliofungwa.

Upande ulio wazi ni wa tenzi. Adon Olam, Yigdal na Lekha Dodi ni mashairi yenye vina na mizani yaliyoingia katika ibada, na sheria haikuyapangia mahadhi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa anajua kwamba shairi lililotimia mizani yake linaweza kughaniwa kwa sauti ya Lamu leo na kwa sauti ya Tanga kesho bila kuharibika. Adon Olam imeimbwa kwa mahadhi mengi kupita hesabu. Nilipoanza kuzipanga rekodi nilizonazo kwa mtazamo huo niligundua kwamba karibu kila mahali nilipokuwa nimesikia mwangwi wa opera katika umbo la mahadhi yenyewe, nilikuwa katika mojawapo ya tenzi hizo au katika viitikio vya kwaya, na kwa nadra sana katika kisomo cha hazani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa London katika karne ya 18. Sinagogi Kuu la Duke's Place lilikuwa na mwimbaji aliyeitwa Meyer Leoni, ambaye aliimba sala katika Sabato na siku nyingine alipanda jukwaa la Covent Garden. Mwaka 1775 aliimba katika The Duenna, opera ya vichekesho ya Richard Brinsley Sheridan, na opera hiyo haikuonyeshwa usiku wa Ijumaa kwa kuwa Leoni hakukubali kuivunja Sabato yake. Mhubiri wa Kimethodisti, Thomas Olivers, alimsikia sinagogini akiuimba utenzi wa Yigdal, akavutiwa mno, akatunga juu ya mahadhi yale maneno ya Kikristo ya kumsifu Mungu wa Ibrahimu. Hadi leo, katika vitabu vya nyimbo vya Waanglikana na Wamethodisti wanaoimba kwa Kiingereza, tuni hiyo inaitwa Leoni. Mshororo wake wa kwanza, kwa solfa, unapanda m, l, t, d, r, m, hatua moja baada ya nyingine, na kila niliyemfundisha ameushika kwa kuusikia mara moja. Ni umbo la mahadhi ambalo sinagogi, kanisa na jukwaa wote walilipokea bila ugumu, na aliyelibeba alikuwa mtu mmoja mwenye kazi mbili. Mwanafunzi wake John Braham, aliyeimba katika sinagogi hilohilo utotoni, alikua na kuwa teno, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume, mashuhuri kuliko wote nchini Uingereza wakati wake, na mwaka 1826 Carl Maria von Weber alimwandikia nafasi ya mhusika Huon katika opera ya Oberon.

Si London pekee. Huko Mantua, Italia, Salamone Rossi alikuwa mwanamuziki wa watawala wa mji ule pamoja na mtunzi Monteverdi, katika miaka ileile ambayo Monteverdi alitoa L'Orfeo, mwaka 1607, moja ya opera za mwanzo kabisa. Rossi alichapisha Zaburi na sala za Kiebrania kwa sauti tatu hadi nane mwaka 1623, kwa mtindo wa Italia ya wakati wake, bila kuyatumia mahadhi ya kale ya sinagogi. Kwa hiyo aliyesema kwamba sinagogi lilipokea kutoka kwa majirani hakukosea. Alikosea kuliita jambo hilo wizi.

Mji ninaotaka kukaa nao kidogo ni Vienna, kwa sababu pale mlango kati ya nyumba hizi mbili ulifunguliwa rasmi. Mwaka 1826 Wayahudi wa Vienna walizindua sinagogi lao jipya katika mtaa wa Seitenstettengasse, na wakamwita kijana Salomon Sulzer, aliyezaliwa Hohenems mwaka 1804, awe hazani wao. Kwa ajili ya uzinduzi jumuiya ilimwomba Beethoven atunge kantata. Beethoven hakuitunga, na kazi hiyo ikafanywa na Joseph Drechsler, mtu wa muziki wa kanisa na wa jumba la maonyesho. Sulzer alipotoa mkusanyiko wake mkubwa wa nyimbo za sinagogi, Schir Zion, sehemu ya kwanza ambayo ilitoka yapata mwaka 1840, aliingiza ndani yake nyimbo za watunzi Wakristo wa mji ule. Mmoja wao alikuwa Ignaz von Seyfried, ambaye ndiye aliyeongoza muziki katika onyesho la kwanza la Fidelio ya Beethoven mwaka 1805. Mwingine alikuwa Franz Schubert, aliyetunga Zaburi ya 92 kwa Kiebrania, kwa baritoni na kwaya, mwezi Julai 1828, miezi minne kabla ya kufa kwake. Wakati mkono ulioandikia jukwaa ndio huohuo ulioandikia sinagogi, itakuwa ajabu kama masikio yetu hayatasikia undugu wowote.

Lakini tazameni Sulzer alivyogawa kazi. Kisomo cha hazani alikiacha katika nusahi, akakisafisha na kukiondolea mapambo aliyoyaona yamezidi. Viitikio ndivyo alivyovipa kwaya ya sauti nne, kwa mapatano ya sauti yaliyozoeleka Vienna. Akiimba hazani, unasikia urithi wa Rhine na wa Ulaya ya Mashariki. Ikijibu kwaya, unasikia mji wa Schubert. Mtu akicheza rekodi ya sinagogi hilo kwa nusu dakika tu, akakutana na kiitikio, ataapa kwamba ni opera. Akikutana na kisomo, ataapa kwamba si opera hata kidogo. Wasomaji wako wawili, kwa maoni yangu, walisikiliza vipande tofauti. Franz Liszt alikwenda kumsikiliza Sulzer katika sinagogi lile na akaandika kwa heshima kubwa juu ya alichokisikia, na tukumbuke kwamba Liszt alikuwa amesikia karibu kila mwimbaji mkubwa wa opera barani Ulaya.

Sasa nifike kwenye La Juive, kwa sababu hapo ndipo makala ilipotoa dai lake zito. Opera hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 23 Februari 1835. Mtunzi wake, Fromental Halévy, alikuwa Myahudi, mwana wa Élie Halévy, msomi na mshairi wa Kiebrania. Naye mwenyewe aliwahi kutunga muziki wa sala kwa maneno ya Kiebrania. Hakuhitaji kusimuliwa sinagogi likoje. Katika sehemu ya pili ya opera, sonara Éléazar ameketi mezani na jamaa zake wakila Pasaka kwa siri katika mji wa Constance, mwaka 1414. Anaimba peke yake, "Ô Dieu, Dieu de nos pères", yaani Ee Mungu, Mungu wa baba zetu, na walioketi wanampokea kwa maneno yaleyale. Kisha anagawa mkate usiotiwa chachu. Kijana aliyejitambulisha kama Samuel, ambaye kwa kweli ni mwana wa mfalme, tena Mkristo, anaupokea mkate na kuutupa kwa siri, naye Rachel, binti aliyelelewa na Éléazar, anamwona. Nimeionyesha sehemu hii kwa wanakwaya wangu, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuona opera, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba anayeimba mbele ni kiongozi wa sala na wanaojibu ni waumini.

Hata hivyo, maneno ya sala hiyo ni ya Eugène Scribe, aliyeandika maneno ya opera hiyo, kwa Kifaransa, wala si maneno ya Hagada inayosomwa usiku wa Pasaka. Na mahadhi ni ya Halévy. Alichokichukua kutoka nyumbani ni umbo: sauti moja inayotangulia karibu bila ala, kusanyiko linalorudia, na utulivu wa ghafla baada ya kelele za sikukuu mjini katika sehemu ya kwanza. Nasema kwa dhati kwamba hiyo ni heshima kubwa kuliko kunakili. Angelinakili, tungelipata kipande cha ibada kilichobandikwa ndani ya tamthilia. Alitunga, na tukapata watu wanaosali. Katika sehemu ya nne, Éléazar anapoimba aria yake kubwa, yaani wimbo wa mtu mmoja, "Rachel, quand du Seigneur", akijiuliza kama amwache afe binti aliyemlea, au amwokoe kwa kufichua kwamba kwa damu ni binti wa adui yake, kadinali, zumari mbili nzito za aina ya kornoanglezi zinamtangulia kwa mahadhi ya huzuni, na sauti inaingia kwa upole mithili ya mtu anayezungumza na nafsi yake. Aria hiyo iliwekwa pale kwa ushauri wa Adolphe Nourrit, teno wa kwanza kuimba sehemu hiyo. Wanaosikia humo mlio wa hazani hawajidanganyi, lakini wanachokisikia hakimo katika orodha ya nota.

Niligusie jambo la ngazi ya sauti, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Baadhi ya sala za Waashkenazi hufuata ngazi iitwayo Ahava Raba, kwa jina la sala inayoanza kwa maneno hayo. Mwalimu mwenzangu wa kwaya anayetumia solfa aiandike hivi ubaoni: m, f, se, l, t, d, r, m, ambapo se ni sol iliyopandishwa nusu toni. Waimbaji wakifika kati ya f na se watahisi wanaruka pengo pana la toni moja na nusu, na aliyekulia pwani atasema mara moja kwamba hiyo anaijua. Ni kweli anaijua. Pengo hilohilo limo katika makamu, yaani ngazi ya sauti ya Kiarabu, ya Hijazi, ambayo wapiga udi na kanuni wa Zanzibar wameitumia katika taarabu tangu enzi za mwanzo za Nadi Ikhwani Safaa, kikundi kilichoundwa mwaka 1905. Hivyo ngazi hiyo peke yake haithibitishi Uyahudi wa wimbo wowote. Inathibitisha tu kwamba kuna eneo kubwa la dunia, kuanzia Ulaya ya Mashariki hadi Bahari ya Hindi, ambalo watu wake wanalipenda pengo lile.

Ushahidi bora ninaoujua umo katika Samson et Dalila ya Camille Saint-Saëns, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1877. Mtu asiyeijua, akisikia dansi maarufu ya sehemu ya tatu, ambamo zumari ya oboe inaanza peke yake kwa mahadhi yenye pengo hilo, atasema bila kusita kuwa huo ni muziki wa Kiyahudi. Lakini wanaocheza pale ni Wafilisti, katika hekalu la Dagoni, wakisherehekea kumkamata Samsoni! Waebrania wenyewe, katika sehemu ya kwanza, wazee wao wanapoimba wimbo wa ukombozi, Saint-Saëns amewapa sauti moja ya chini isiyo na mapambo, inayofanana na visomo vya kale vya kanisa la Katoliki. Mtunzi huyo, ambaye hakuwa Myahudi, alilitumia pengo lile kuchora Mashariki kwa jumla, na alipotaka kuonyesha sala alikwenda kwenye sala aliyoizoea yeye. Wanaopima undugu wa muziki kwa ngazi ya sauti peke yake watawahesabu Wafilisti kuwa wana wa Israeli.

Palipo na undugu mkubwa, Ndugu Mhariri, ni katika koo la mwimbaji, na hapa ningependa nisikilizwe kwa subira. Katika opera, mwishoni mwa aria ya kizamani, okestra hunyamaza na kumwachia mwimbaji nafasi ya kupamba: anapanda, anashuka, anakaa juu ya silabi moja mpaka pumzi ikaribie kuisha, kisha anatua na okestra inampokea. Wataalamu wanaiita kadenza. Katika sinagogi la Kiorthodoksi hakuna ala inayopigwa siku ya Sabato. Hazani yuko peke yake, au pamoja na kwaya inayovumisha sauti chini yake, na sala nzima inaweza kwenda katika hali ileile ambayo opera huiruhusu kwa dakika moja. Anarudia neno la maombi mara mbili, mara tatu, analizungusha, analivunja kwa kilio kidogo mwishoni mwa nota, kisha anarejea kwenye njia aliyopangiwa na nusahi. Mizani haimfungi, maneno ndiyo yanayomwongoza, kama vile resitativo ya opera inavyomwachia mwimbaji afuate usemi. Kwa hiyo mtu aliyefundwa kazi hii tangu utoto alikuwa tayari ana pumzi, wepesi wa sauti na ujasiri wa kusimama peke yake mbele ya umati, ambavyo jumba la opera huvitafuta kwa gharama kubwa.

Majumba hayo yalilijua hilo. Mwaka 1918 Cleofonte Campanini, mkurugenzi wa opera ya Chicago, alimpa Yossele Rosenblatt, hazani aliyezaliwa Ukraine na kuhamia New York, nafasi ya kuimba Éléazar katika La Juive kwa malipo ya dola 1,000 kwa kila onyesho. Rosenblatt alikataa, kwa sababu aliona kwamba sauti yake ni ya madhabahu. Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 24 Desemba 1920, Enrico Caruso aliimba sehemu hiyohiyo katika jumba la Metropolitan, New York, akiwa mgonjwa. Hilo likawa onyesho lake la mwisho maishani. Huko Warsaw, Gershon Sirota, hazani wa Sinagogi Kuu la mtaa wa Tłomackie, aliitwa Caruso wa Wayahudi, na rekodi zake za mwanzo wa karne ya 20 zinaonyesha kwa nini: sauti ya juu inatoka kwa nguvu bila kupasuka, na mapambo yanashuka kwa usahihi wa kushangaza. Aliuawa katika geto la Warsaw mwaka 1943, na sinagogi lenyewe Wajerumani walililipua mwezi Mei mwaka uleule. Joseph Schmidt, aliyeanza kuimba katika sinagogi la Czernowitz, alikuwa mfupi mno kwa jukwaa la wakati ule, hivyo Ujerumani ilimsikia akiimba opera redioni, hadi Wanazi walipomfukuza. Alifariki mwaka 1942 nchini Uswisi, alikokuwa amezuiliwa katika kambi ya wakimbizi, akiwa na umri wa miaka 38. Siwezi kuandika juu ya muziki huu nikayaacha majina hayo, kwa sababu sehemu kubwa ya watu waliobeba kumbukumbu yake waliuawa.

Upande wa Marekani wako Jan Peerce na Richard Tucker, shemeji wawili. Tucker alizaliwa Brooklyn mwaka 1913, akawa hazani wa Brooklyn Jewish Center, na tarehe 25 Januari 1945 akaanza kuimba Metropolitan kama Enzo katika La Gioconda. Katika siku kuu za ibada aliendelea kusalisha maisha yake yote. Alipofariki mwaka 1975, mazishi yake yalifanyika juu ya jukwaa la Metropolitan. Yeyote anayetaka kusikia undugu tunaoujadili asianze na vitabu. Atafute rekodi ya Tucker akiimba Kol Nidre na nyingine akiimba aria ya Éléazar, azisikilize mfululizo. Mahadhi hayafanani. Namna ya kulishambulia neno, ya kulia ndani ya nota bila kuipoteza, na ya kuvuta pumzi kabla ya jina la Mungu, ni ya mtu mmoja. Neil Shicoff, aliyeiimba La Juive ilipofufuliwa Vienna mwaka 1999, naye alikuwa mwana wa hazani.

Kwa hiyo nikilazimika kupima, nitasema kwamba sinagogi lilipokea kutoka jukwaani mahadhi mengi kuliko lililoyatoa, nalo jukwaa likapokea kutoka sinagogi waimbaji, na pamoja nao namna ya kuimba.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nihimize uangalifu. Mwaka 1850 Richard Wagner, mtunzi wa opera wa Kijerumani, ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa amemsifu Halévy kwa maandishi, alitoa insha ya chuki juu ya Wayahudi katika muziki. Hoja yake mojawapo ilikuwa hiyohiyo: kwamba mtunzi Myahudi, hata akitunga opera, hana chemchemi nyingine ila nyimbo za sinagogi, ambazo Wagner alizikebehi kama makelele. Alikuwa akiwalenga watunzi Wayahudi kwa asili, Meyerbeer na Mendelssohn, ambao muziki wao ukitazamwa kwa haki umejaa Italia, Ufaransa na Bach. Baadaye, mwaka 1882, opera ya Wagner iitwayo Parsifal iliongozwa kwa mara ya kwanza na Hermann Levi, mwana wa rabi. Simshutumu mwandishi wa makala kwa chuki. Nasoma wazi kwamba aliandika kwa kusifu. Lakini dai la kwamba kila Myahudi anayetunga anatunga sinagogi lilitumika kuwadhuru watu, na hata likisemwa kwa kusifu linamnyima Halévy sifa ya kuwa mtunzi.

Wayahudi wenyewe walijadiliana sana juu ya kukopa mahadhi, tena kwa ukali. Wapo marabi waliosema hazani anayeimba nyimbo za mataifa azuiwe. Yupo Joel Sirkes wa Poland, aliyefariki mwaka 1640, aliyetoa uamuzi kwamba kilichokatazwa ni mahadhi yaliyotengwa mahususi kwa ibada ya dini nyingine, na kwamba yaliyo ya watu wote hayana ubaya. Uamuzi huo unafaa kusomwa hata na sisi tunaobishana kila mwaka kama kaswida inaweza kuimbwa kwa mahadhi ya taarabu, au kama kwaya inaweza kupokea gitaa la muziki wa dansi.

Tena opera haikuwa jirani wa kila sinagogi. Wayahudi waliotoka Aleppo, Syria, huipangia kila Sabato makamu yake, na sala huimbwa ndani ya makamu hiyo, kwa mapambo ambayo mpenzi wa nyimbo za Misri atayatambua papo hapo. Karibu yetu zaidi, katika vilima vya Mbale nchini Uganda, wako Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ambao wanaimba Zaburi kwa Luganda na tenzi za Kiebrania kwa mahadhi waliyoyatunga wenyewe, kwa mapatano ya sauti yanayofanana na ya kwaya za makanisa ya eneo hilo. Hapo hutasikia Vienna wala Paris. Utasikia upande ulio wazi wa ibada ukijazwa na muziki wa majirani, kama ulivyojazwa kwingineko.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, sentensi iliyosema kwamba sala ya La Juive ni sala halisi ya sinagogi isahihishwe katika toleo lijalo, na itajwe kwamba maneno ni ya Scribe na muziki ni wa Halévy. Na kama nafasi itapatikana, wapenzi wa muziki wanaoendelea na mjadala huu wataje, pamoja na opera wanayoisema, jina la sala, mji, na hazani aliyeiimba, ili nasi wengine tuweze kutafuta rekodi na kusikiliza.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa kwaya,
Dar es Salaam